Mpwa wangu wa Ukraine anakuja Mtwara Krismasi, naombeni ushauri wa kumpokea

NjombaMagomeni:
Wakuu, salaam. Niko Mtwara mjini, Magomeni. Dada yangu wa ziwa moja yuko Marekani miaka mingi, kaolewa na Mmarekani, na hawakujaliwa mtoto. Mwaka 2018 wakaenda Ukraine wakamuasili mvulana wa miaka 7. Sasa ana 14, na tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili wanatua hapa wote watatu. Ndiyo mara yao ya kwanza kuja naye.

Kwetu Wamakonde mnajua, mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Jando, posa, kesi za shule, vyote vinapita kwa njomba. Kwa hesabu hiyo huyu dogo ni wangu. Mama yetu, yuko Newala, alishalimaliza siku ile ile alipoonyeshwa picha: "Kama ni wa binti yangu ni wa kwetu. Hiyo rangi atamalizana na jua." Sasa ameanza kuulizia jando lake. Nimemwambia hilo tuliweke kwanza.

Shida zangu ni hizi. Dogo alilelewa kituoni tangu ana miaka 2. Alipofika Marekani alikuwa anaficha mkate chini ya mto, dada akitandika anakuta umeota ukungu. Hilo limeisha. Ila mpaka leo akila anaizungushia sahani mkono wa kushoto, kama mtu anayekinga kibatari na upepo. Hapa kwangu watoto wanakula sinia moja, sita kwa jumla, wangu na wa marehemu kaka, na sinia la watoto ukizubaa unabaki kulamba mchuzi. Nimpe sahani ya peke yake aonekane mgeni, au nimwache azoee?

Halafu majirani. Wataita mzungu, hilo sina dawa nalo. Ila wapo watakaomwita yatima, na wapo watakaomuuliza dada mbele yake, "Mama yake yuko wapi?"

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Mwaka 2016 nilimwomba dada amchukue mwanangu wa kwanza akasome huko. Akasema haiwezekani, sheria hairuhusu. Miaka miwili baadaye anatuma picha yuko Kyiv kwenye theluji, kamshika mkono mtoto wa watu. Sikumpigia simu miezi minne. Mwanangu sasa ana 19, msimu huu anabeba magunia ghala la korosho. Na kwa ufinyu wa nyumba, ndiye atakayelala chumba kimoja na mpwa wangu.

Kharkiv2Masasi:
Mkuu, nilisoma udaktari Kharkiv, nikarudi 2019. Vile vituo wanaviita internat, ni kama bweni la serikali. Kabla ya vita vilikuwa na watoto karibu laki moja, na wengi wao wana wazazi hai. Ukiuliza utaambiwa ulevi, umaskini, au mtoto kazaliwa na ulemavu na mzazi akashauriwa amwache pale. Kwa hiyo neno yatima liondoe hapo nyumbani. Huenda mama mzazi yupo, na dogo anajua.

Kuhusu sinia. Mwaka Mpya mmoja tulikwenda wanafunzi wachache kupeleka chenza kwenye internat, tatu kwa kila mtoto. Hakuna aliyemenya. Zote ziliingia mifukoni, mmoja akaishindilia moja ndani ya soksi. Mimi nikadhani hawapendi chenza! Mhudumu akanieleza kuwa pale hata nguo zilikuwa za zamu, chako ni kile ulichonacho mwilini.

Mpe sahani. Akibakiza usimwondolee, na usiku acha kitu mezani kikionekana, ndizi au ming'oko (vile viazi vya porini), bila kusema chochote. Sinia ataliendea mwenyewe akitaka. Tafuta pia bitiruti na kabichi, dada ampikie borshchi, supu yao ya huko, siku moja.

Na muulize dada kama ana ndugu aliyebaki. Akiwa na kaka mkubwa, ujue Februari 2022 vita ilipoanza wanaume wa miaka 18 hadi 60 walizuiwa kuvuka mpaka. Ukimkuta saa nane usiku yuko kwenye simu, usimkaripie.

MamaKorosho:
Mie nasema wanayoyawaza wengi. Kuvuka mabahari kwenda kulea mtoto wa Kizungu, na hapa Lindi watoto wa kuokotwa tunawaona? Huyo dada angeanzia kwao. Njomba una haki ya kununa.

MstaafuNachingwea:
Mama Korosho, punguza moto. Nimefanya ustawi wa jamii miaka 26, haya nayajua.

Njomba, dada yako ana uraia wa Marekani? Kama anao, kwa sheria yetu si Mtanzania tena. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka asiye raia anayetaka kuasili awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo, na mtoto mwenyewe awe amekosa familia ya kumlea hapa. Hapo hujagusa Wamarekani. Kwa nchi kama yetu wanataka mtoto awe yatima kwa tafsiri yao, na aombewe kabla hajafika miaka 16. Mwanao ana baba, ana mama, anakula ugali wenu. Hiyo kesi hata ingefika Mahakama Kuu ningeipinga mwenyewe.

Ukraine walikuwa na utaratibu mwingine. Wageni waliooana walikubaliwa kwa mtoto wa miaka 5 na kuendelea, bila sharti la kuishi kule miaka. Mnakwenda, mnaonana na mtoto, mahakama inaamua, mnasubiri siku 30 uamuzi upate nguvu. Baada ya hapo taarifa ya mtoto inapelekwa ubalozini kila mwaka kwa miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka mitatu hadi atimize 18, kwa kuwa bado ni raia wao. Vita ilipoanza mlango ukafungwa kwa wageni.

Kwa hiyo dada hakumchagua mtoto wa watu akamwacha wako. Wako hakuwa wa kuchukuliwa.

NjombaMagomeni:
Mzee wa Nachingwea, shikamoo. Nimempigia dada jana usiku. Uraia aliuchukua 2014. Hakutuambia, alihofia mama asije akaona kakana kwao. Miaka yote hiyo mimi nimeshika neno "sheria" nikidhani ni kisingizio. Tulikaa kimya kwenye simu mpaka salio likaisha.

Daktari, kaka yupo. Ana miaka 26, alikuwa ameshavuka 18 walipomchukua mdogo. Wanaongea kila Jumapili.

Sahani nimenunua, ya bati yenye ua la bluu. Watoto wote sasa wanaitaka.

Mwanangu nimemwonyesha uzi huu. Kasoma mpaka mwisho, karudisha simu, kaniuliza, "Atalala upande wa ukutani au wa mlangoni?" Sikuwa na jibu.

Kharkiv2Masasi:
Achague mwenyewe, ila mwanao aanze kuutandika wa ukutani. Na huo mlango msiufunge kwa funguo.

MamaKorosho:
Sahani ya bati hizo bado zipo? Soko gani?