Barafu ya Kibo ikiisha, chemchemi za Kilimanjaro zitakauka?

Mjumbe wa Uru:
Habari zenu ndugu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya maji katika kijiji kimojawapo cha Uru. Kiangazi kilichopita maji ya mfongo wetu, yaani mfereji wa kijiji unaoleta maji kutoka juu mlimani, yalipungua hadi tukagawana zamu za usiku, na mkutanoni wazee wengi walisema kwamba chanzo ni barafu ya Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, ambayo walipokuwa vijana waliiona ikishuka mbali zaidi. Wengine wanataka tuchange fedha tuchimbe kisima kirefu kabla barafu haijaisha kabisa. Je, ni kweli kwamba maji yetu yanatoka kwenye barafu?

Chemchemi:
Ndugu Mjumbe, kuhusu barafu yenyewe wazee wamesema kweli: mwaka 1912 ilifunika takriban kilomita za mraba 12, na kufikia mwaka 2007 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Sikubaliani nao wanapoihusisha na mfongo, kwa sababu eneo hilo ni dogo mno kulisha mito yote ya mlima, na tena hewa ya kileleni ni kavu kiasi kwamba sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke bila kuyeyuka kwanza.

Maji yenu yanatoka msituni. Upande wa kusini mvua huongezeka kadiri unavyopanda, hadi kwenye mwinuko wa mita 2,200 hivi ambako huweza kuzidi milimita 2,000 kwa mwaka, kisha hupungua hadi Kibo, ambako ni kama jangwa. Mvua hiyo huzama kwenye mboji, ikapenya miamba ya volkano yenye nyufa, na baada ya safari ndefu chini ya ardhi hububujika kwenye chemchemi za chini, zile zinazolisha Kikuletwa na Ruvu kabla mito hiyo haijakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu na kuendelea kama Mto Pangani. Miti ya ukanda wa juu nayo hunasa ukungu na kudondosha maji hata siku isiyo na mvua. Moto umekwisha kuteketeza sehemu kubwa ya misitu hiyo ya juu, na Oktoba 2020 tuliuona tena ukiwaka kwa siku kadhaa. Hasara hiyo inaniuma kuliko ya barafu.

Babu wa Machame:
Mwanangu, kabla ya kutazama Kibo, pandeni na mfongo mpaka kwenye banio lake, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, mkahesabu mipira ya kuvutia maji iliyochomekwa njiani. Sisi tulikuwa na zamu, na aliyekosa kufika siku ya kusafisha mfongo alilipa faini. Siku hizi kila mwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, anavuta maji yake. Pia msiharakishe kuusakafia wote kwa saruji, kwa kuwa maji yanayovuja kwenye mfongo wa udongo huzama na kuwafikia walio chini yenu.

Mpima Visima:
Shikamoo Babu, naunga mkono. Habari za barafu kuwa tegemeo la maji zina ukweli wake kwingine: huko Bolivia, jiji la La Paz hutegemea barafu ya milima kwa sehemu ya maji yake ya kiangazi, na barafu ya Chacaltaya ilitoweka mwaka 2009. Kilimanjaro ni mlima wa namna nyingine.

Kuhusu kisima, Ndugu Mjumbe, msichange hata shilingi kabla ya upimaji. Kwenye miteremko maji huweza kuwa chini sana, na gharama ya umeme wa pampu itawaandama kila mwezi. Pimeni pia floridi, madini yanayotoka kwenye miamba, katika visima vya jirani, kwani kikomo kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na katika tambarare zilizo kati ya Kilimanjaro na Meru viko visima vinavyokizidi mno, ambavyo maji yake huwaachia watoto meno ya kahawia na, yakinywewa miaka mingi, huharibu mifupa. Kwa sasa chukueni ndoo ya lita 20 na saa, mpime kila mwezi muda ambao chemchemi yenu inachukua kuijaza, na kuandika tarehe na sekunde daftarini. Anzeni kabla ya masika.