Nyumba za bei nafuu kisiwani: zibaki vipi kwa wanaokaa mwaka mzima?

MjumbeKamati

Habari wakuu. Kamati ya nyumba ya kisiwa chenye wakazi wasiofika 400 imeahidiwa kiwanja cha hekta 1.2. Anayekitoa ana sharti moja: kikaliwe na wakazi wa kudumu, yaani walimu, wauguzi, wavuvi na mafundi, ambao kila msimu wa wageni hutolewa kwenye nyumba walizopanga ili zikodishwe kwa wiki. Makadirio yetu ni nyumba 12 za vyumba viwili, nyingine za kuuza, nyingine za kupangisha. Naomba ushauri kwa mambo mawili. Hati iandikweje ili mnunuzi wa kwanza akiondoka, nyumba isigeuke ya mapumziko? Na kabla ya kumlipa mchora ramani, tupime nini?

Hati_na_Mipaka

Msiuze ardhi, uzeni nyumba tu. Ardhi ibaki kwa bodi ya wadhamini, na mwenye nyumba apewe mkataba wa kupanga ardhi wa miaka 99 unaorithika. OPAL, shirika la nyumba lililoanzishwa 1989 kwenye kisiwa cha Orcas, Marekani, wanashikilia ardhi kwa mtindo huu wa udhamini wa jamii.

Uskoti wana njia nyingine. Sheria yao ya 2003 inairuhusu taasisi ya nyumba za vijijini kuandikisha kwenye hati haki ya kununua kwanza, na kila nyumba inapouzwa taasisi ina siku 42 za kuamua. Isiponunua leo, haki haifi, inarudi kwenye mauzo yanayofuata. Hapo ndipo pa kuiga, kwa sababu haki ya namna hii mara nyingi huandikwa ya kutumika mara moja tu. Ila haki bila fedha ni karatasi tupu. Kubalianeni na mkopeshaji mapema, maana siku 42 hazitoshi kuanza kuchangisha.

Fafanueni "mkazi wa kudumu" kwa namba: nyumba ndiyo makazi yake makuu na analala humo angalau miezi 10 kati ya 12. Tajeni ruhusa ndani ya mkataba (matibabu, masomo, kazi za baharini), la sivyo kila mwaka mtagombana. Ushahidi usiwe barua ya mwenyekiti; someni mita za maji na umeme katika miezi isiyo na wageni. Mita haina undugu na mtu.

Kifungu kinachosahaulika ni cha benki. Mkataba ukivunjika papo hapo mkopaji anaposhindwa kulipa, hakuna atakayetoa mkopo kwa dhamana ya nyumba hiyo. Andikeni kwamba benki iwape wadhamini taarifa, nao wapate siku 60 za kulipa malimbikizo au kuinunua nyumba kabla ya mnada.

MajiKwanza

Hiyo 12 imetoka wapi? Idadi ya nyumba huamuliwa na maji safi na maji taka, siyo na ukubwa wa kiwanja.

Anzeni na kisima. Maji matamu ya kisiwa huelea juu ya maji ya chumvi, na kwa kanuni ya kawaida kila mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 chini yake. Maana yake ukishusha usawa wa kisima kwa mita 1 tu, chumvi inaweza kupanda mita 40 kutoka chini. Kwa hiyo pimeni chumvi baada ya kuvuta maji saa 24 mfululizo, mwishoni mwa kiangazi. Kipimo cha wakati wa mvua kitawadanganya. Visima vifupi viwili vinavyovutwa polepole ni salama kuliko kimoja kirefu chenye pampu kubwa.

Mvua nayo ina hesabu yake: milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita 80 za mraba, mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, ondoa asilimia 20 inayopotea: lita 64,000. Watu wanne kwa lita 60 kila mmoja kwa siku wanahitaji 87,600. Paa pekee halitoshi. Na kiangazi cha siku 90 kinadai tangi la lita 21,600 kwa kila nyumba, gharama ambayo sijaiona kwenye maelezo yako.

Maji taka: karo na mitaro ya kufyonzea ikae angalau mita 30 kutoka kisimani, na mtenge eneo la akiba lenye ukubwa uleule kwa siku mitaro itakapoziba. Chimbeni mashimo ya majaribio, yalowesheni usiku kucha, kisha pimeni maji yanashuka kwa kasi gani. Mwamba ukiwa karibu, fikirieni mfumo mmoja wa pamoja. Baada ya hapo 12 inaweza kuwa 7, na 7 zenye maji ni bora.

Tishari

Naongeza usafirishaji. Kabla ya kuagiza nyumba zilizotengenezwa kiwandani, pimeni uwezo wa gati kubeba uzito, kina cha maji wakati wa maji kupwa, upana wa barabara na ile kona ya mwisho. Kipande kinachokwama kwenye kona kinarudi kwa gharama yenu. Kuta za paneli zinazobebwa na watu wanne hazihitaji kreni, na kreni yenyewe ni mzigo mwingine wa tishari.

Ramani moja irudiwe nyumba zote, ili skrubu na madirisha yaliyobaki yatumike nyumba inayofuata. Agizeni ziada ya asilimia 10 ya vifaa vidogo. Boksi moja la skrubu likikosekana linasimamisha mafundi wote. Nje tumieni skrubu za chuma cha pua daraja la 316. Mchanga wa ufukweni msiutie kwenye zege lenye nondo: chumvi huozesha nondo, nondo huvimba, zege hupasuka. Kava, yaani zege linalofunika nondo, iwe milimita 50.

Mafundi watalala wapi? Jengeni mbili za kwanza wakae humo.

MjumbeKamati

Asanteni sana. Mtu akiuza tena, bei tunaikokotoaje?

Hati_na_Mipaka

Wengi humpa muuzaji asilimia 25 ya ongezeko la bei ya soko. Chukua nyumba iliyouzwa 100 wakati soko lilikuwa 200. Soko likifika 300, ongezeko ni 100, anauza 125. Sawa. Ila visiwani soko hukimbia: likifika 600, anauza 200, mara mbili ya bei ya awali, huku mshahara wa mwalimu haujakaribia hapo. Mimi ningefunga ongezeko kwenye kipato cha wakazi, siyo soko. Na kwa wavuvi na watu wa msimu, pimeni kipato kwa wastani wa miezi 24.

Maboresho yaongeze bei pale tu wadhamini walipoyaidhinisha kwa maandishi kabla ya kazi. Chumba cha tatu, ndiyo. Marumaru za bafuni, hapana.