Binti anakariri Kiingereza bila kukielewa: ninyi mlijifunzaje?

Mzazi wa Chamwino
Habari zenu ndugu zangu. Binti yangu alisoma shule ya msingi ya serikali, akafaulu vizuri, na sasa yuko kidato cha pili katika shule ya kata, ambako karibu masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Juzi nilimsikia akisoma daftari la Baiolojia. Alitamka maana ya usanisinuru mwanzo hadi mwisho bila kukwama, lakini nilipomwuliza amesema nini, alinyamaza. Nikamwuliza kwa Kiswahili mmea unapataje chakula chake, naye akanieleza habari ya majani, mwanga wa jua na maji yanayopanda kutoka mizizini, tena kwa ufasaha. Maarifa anayo, lugha ndiyo inayomkwamisha, na upimaji wa kitaifa uko mwisho wa mwaka. Mliopita njia hiyo, ni kipi kiliwasaidia kweli?

Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma
Shikamoo mama. Mimi ni Mrangi wa Kondoa, na Kiswahili chenyewe nilikizoea shuleni, kwa hiyo Kiingereza kwangu kilikuwa lugha ya tatu. Katika sekondari niliyosoma, aliyekutwa akiongea Kiswahili alivishwa kibao shingoni hadi ampate mwingine wa kumkabidhi. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu wengi wetu hatukujifunza kuongea Kiingereza kwa njia hiyo. Tulijifunza kunyamaza, na anayenyamaza darasani hawezi hata kuuliza asichokielewa.
Kilichonisaidia ni kuelewa mada kwanza kwa Kiswahili, kisha kufunga daftari na kuieleza kwa Kiingereza changu mwenyewe, kwa sentensi fupi fupi, hata kama zilikuwa na makosa. Binti yako tayari anajua mmea unavyojitengenezea chakula. Aanzie hapo.

Mwalimu mstaafu, Nkuhungu
Mama, tatizo hili si la binti yako peke yake, wala si la jana. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, huku sekondari ikibaki na Kiingereza, na mwaka 1984 utafiti wa Clive Criper na William Dodd ulionyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kuwawezesha kufuata masomo yao. Baada ya hapo ulikuja mradi uliosaidiwa na Uingereza, ukagawa shuleni vitabu vya hadithi vilivyoandikwa kwa Kiingereza chepesi na kupangwa kwa ngazi.
Kwa maoni yangu, vitabu vya aina hiyo hufanya kazi kubwa kuliko kanuni za sarufi zinazojazwa ubaoni. Mtoto akisoma hadithi anayoielewa, anakutana na neno lile lile mara nyingi katika mazingira tofauti, na linamkaa. Msimpe kitabu kigumu kwa kudhani ndicho kitamwinua. Ikiwa kila mstari una maneno asiyoyajua, mpeni chepesi zaidi, hata cha darasa la nne, na asione aibu. Jaribuni maktaba ya mkoa hapa mjini.

Mwongoza wageni, Kolo
Mimi nilijifunza kwa kuongea na wageni wanaokuja kuona michoro ya miambani, hasa baada ya eneo letu kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wageni wengi ni Wajerumani au Wafaransa, ambao nao walijifunza Kiingereza ukubwani, na hilo huniondolea woga. Dada, mtafutie binti mwenzake wa kuongea naye kila siku, hata kwa muda mfupi.

Mzazi wa Chamwino
Nawashukuru sana. Mwalimu, swali moja: akieleza kwa maneno yake mwenyewe kwenye mtihani, hatapoteza alama kwa sababu hakuandika kama kitabu?

Mwalimu mstaafu, Nkuhungu
Katika Baiolojia msahihishaji anatafuta hoja. Istilahi za somo, kama jina la kijanikibichi, azijue kwa Kiingereza na aziandike kwa usahihi. Sentensi zinazozizunguka zinaweza kuwa zake. Aanze sasa kujibu mitihani ya miaka iliyopita kwa kuandika, swali moja kila jioni, kisha mwalimu wake wa somo amsahihishie hoja kwanza na lugha baadaye.