Mshindani kashusha bei, kanakili na picha. Nimfuate au nikaze?

Mauzo_Kiganjani (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa wanaouza mtandaoni, na uwe wa hesabu zaidi kuliko wa kutiana moyo. Duka ni la makava ya simu, protekta za kioo na chaja. Limeibuka duka jingine lenye bidhaa zilezile, picha zilezile, maelezo yaleyale hadi makosa ya uchapaji, na bei zake ziko chini kwa asilimia 10. Wiki iliyopita oda zilikuwa 14, iliyotangulia zilikuwa 20. Kwenye kila 100 ya mauzo, faida ghafi ni 30.

Nishushe bei? Picha zinadaiwaje? La tatu nalisema kwa aibu: ukurasa wake naufungua kila nusu saa, na kila ninapoenda mtandaoni matangazo yake yananisubiri. Jamaa kaenea kila kona.

Mzani

Mkuu, anza na hizo oda. Wastani wa 14 na 20 ni 17. Kwa vitu vinavyokuja ovyoovyo kama oda, kuyumba kwa kawaida kunakaribia kipeuo cha pili cha wastani. Cha 17 ni kama 4. Maana yake, wiki ya oda 13 na wiki ya oda 21 zinaweza kutoka kwenye duka lilelile bila kitu chochote kubadilika. Zako zote mbili zimo humo ndani. Kusanya wiki nne hadi sita ndipo umtafute mchawi.

Sasa bei. Unauza kwa 100, gharama 70, faida 30. Oda 20 zinakupa 600. Ukishusha hadi 90, faida inabaki 20, na ili urudi kwenye 600 ileile unahitaji oda 30. Punguzo la asilimia 10 linadai mauzo yaongezeke kwa asilimia 50 ili usimame palepale ulipokuwa. Kama faida ingekuwa 20 kwa 100, ungehitaji kuuza mara mbili. Na hapo sijagusa vifungashio na matangazo, ambavyo vinapanda pamoja na idadi ya oda.

Chujio

Naongezea kwa Mzani. Kama baada ya wiki hizo kweli zimeshuka, usiseme tu "mauzo yameshuka", tafuta panapovuja. Andika namba nne za kila wiki: waliotembelea, walioweka kitu kikapuni, waliolipa, na wateja wa zamani waliorudi.

Wageni wakipungua, fungua Google Search Console, zana ya Google inayoonyesha tovuti yako inavyotokea kwenye matokeo ya utafutaji. Ukurasa wako ukionekana mara chache kuliko zamani, umeshuka nafasi au watu wametafuta kidogo. Ukionekana vilevile lakini haubofywi, tazama kichwa na picha vinavyotokea kwenye matokeo. Wageni wakiwa walewale na vikapu vinajaa bila kulipiwa, mshukiwa wa kwanza ni gharama ya usafirishaji inayochomoza kwenye hatua ya mwisho. Ihamishie kwenye ukurasa wa bidhaa, iache hapo wiki mbili, na usiguse kingine katika muda huo. Hofu ya mshindani ina tabia ya kumfanya mtu abadilishe bei, picha na tangazo siku moja. Mauzo yakipanda au yakianguka hajui ni kipi kimefanya.

Wateja wa zamani wasiporudi, hilo ni la bidhaa au huduma. Duka la jirani halihusiki.

Jicho la Tatu

Kuhusu kumwona kila kona, cheka kidogo mkuu: unajiletea mwenyewe. Maduka mengi yana msimbo wa kufuatilia wageni. Ukifungua ukurasa wake, mfumo wa matangazo unakuhesabu kama mteja aliyeonja na hajanunua, basi unakufuata na tangazo lake kwenye kurasa nyingine. Yeye anatumia bajeti kukuonyesha wewe, nawe unadhani anaonekana hivyo na dunia nzima.

Futa vidakuzi (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kivinjari chako), acha kumfuata kwenye mitandao, kisha mtazame mara moja kwa wiki, siku na saa maalumu, kwa dirisha la faragha. Jedwali liwe fupi: bei ya mwisho pamoja na usafirishaji (asilimia 10 zako huenda zinaishia hapo), siku za kufikisha mzigo, sharti la kurudisha bidhaa, na vilivyoisha stoku. Matangazo yake yatazame kwenye Maktaba ya Matangazo ya Meta (wenye Facebook na Instagram), ambayo iko wazi kwa yeyote na inaonyesha tarehe tangazo lilipoanza. Linalokwenda miezi huenda linamlipa; la siku tatu ni majaribio, lisikukoseshe usingizi.

Na usibofye matangazo yake ili umle hela. Mifumo inachuja mibofyo ya hivyo, na ni udanganyifu.

Kufuli

Picha. Kwanza hakikisha ni zako. Kama zilitoka kwa mtengenezaji, mshindani naye huenda kapewa hukohuko na huna dai. Hayo makosa ya uchapaji ndiyo ushahidi wako mzuri zaidi, usiyasahihishe kabla hujayahifadhi.

Utaratibu: piga picha za skrini zinazoonyesha anwani kamili na tarehe. Hifadhi kurasa zake na zako kwenye Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa pamoja na tarehe. Weka kando mafaili ya asili ya kamera, yale makubwa ambayo hayajahaririwa. Kisha mwandikie kwa upole, mpe siku chache. Akikaa kimya, peleka malalamiko kwa jukwaa au kampuni inayohifadhi tovuti yake. Kwa kampuni za Marekani njia ni sheria yao ya hakimiliki mtandaoni, DMCA ya 1998: taja kazi yako, anwani ya kila ukurasa wenye nakala, mawasiliano yako, tamko kwamba unaamini kwa nia njema matumizi hayana ruhusa, tamko kwamba maelezo ni sahihi na una mamlaka, na saini.

Mengi hukwama kwa sababu mtu katuma anwani ya ukurasa wa mbele tu. Jambo jingine: akipinga rasmi, picha zinaweza kurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi kama hujafungua kesi. Na ukidai kwa uongo, unawajibika wewe.

Dukani24

Mbona mnazunguka? Mpigie mmiliki, mkubaliane bei ya chini kabisa, kila mtu ale. Au weka programu ya kufuata bei, ijishushe yenyewe.

Mzani

Ndugu, la kwanza ni kupanga bei, na ni kosa katika nchi nyingi. Mwaka 2015 huko Marekani muuzaji wa mabango kwenye Amazon alikiri kosa la kupatana bei na wenzake, na walitumia programu kuutekeleza mpango huo.

La pili lina mtego wake. Mwaka 2011 wauzaji wawili wa kitabu cha baiolojia ya inzi waliachia programu zifuatane. Mmoja alijiweka kwenye 0.9983 ya bei ya mwenzake, mwingine kwenye 1.270589. Ukizidisha hizo mbili unapata kama 1.268, kwa hiyo kila mzunguko bei ilipanda kwa zaidi ya robo, hadi ikapita dola milioni 23. Wakiwa wawili wanaotaka wote kuwa chini, inateremka kwa mtindo huohuo. Ukiweka programu, iwekee sakafu (gharama zote, pamoja na usafiri na makato ya malipo) na dari.

Mauzo_Kiganjani

Asanteni sana wakuu. Bei haishuki. Je, kava na protekta nikiziuza pamoja?

Chujio

Ndiyo, ila piga hesabu kwanza. Tuseme protekta inauzwa 40 na gharama yake ni 15. Kava na protekta kwa 130: mteja kaokoa 10, wewe umebaki na 45 badala ya 30, na kifurushi ni kimoja.

Kinachoharibu ni protekta inayofunika skrini hadi ukingoni pamoja na kava linalobana. Kava linainua kioo, hewa inaingia, na mzigo unarudi. Kabla hujaunganisha modeli yoyote, vivalishe vyote kwenye simu yenyewe, viache usiku kucha, asubuhi chungulia kona zote nne. Na kwenye ukurasa eleza mteja aangalie namba ya modeli ndani ya mipangilio ya simu, si jina la kwenye boksi. Simu mbili zinaweza kutofautiana kwa neno moja tu la mwisho, na kamera zikawa sehemu tofauti kabisa.