Ukoo wa Kikwajuni: maoni ya filamu ya jana

[Jumapili, saa 4:12 asubuhi]
Shangazi Mwanaisha: Assalamu alaykum, jamaa wote. Jana usiku tulitazama The Road, filamu ya mwaka 2009, uani kwangu, kisha mkaondoka kimyakimya kama mliotoka mazikoni. Naomba kila aliyetazama aandike maoni yake hapa kabla ya adhuhuri, kwa sababu wenzetu wa Chake, kule Pemba, wanataka tuwapelekee diski hiyo kwa boti ya kesho asubuhi, nami sitaki kuamua peke yangu kama inafaa kutazamwa mbele ya watoto.

[4:55]
Shangazi Mwanaisha: Naona mmesoma nyote na hakuna aliyejibu. Zuwena, wewe ni mwalimu, anza.

[5:03]
Zuwena: Waalaykum salaam, shikamoo Shangazi. Mimi nimeipenda, ingawa imeninyima usingizi. Kilichonishika ni kwamba hatuambiwi dunia iliangamizwa na nini: saa zote zilisimama saa saba na dakika 17, ukaonekana mwanga mkali, basi, na baada ya hapo kuna majivu, baridi na miti inayoanguka yenyewe. Riwaya ya Cormac McCarthy ya mwaka 2006, ambayo ndiyo asili ya filamu na iliyopata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2007, nayo imelinyamazia jambo hilo, na baba na mwana hawapewi hata majina. Mwongozaji John Hillcoat amefanya vyema kutoongeza maelezo, kwa maana mwenye njaa hana haja ya kujua nani aliyeanza.

[5:06]
Nassor: Saa saba na dakika 17 ndio wakati tunaosubiri wali uive. Sasa nimefahamu kwa nini watu wale wamebaki na njaa filamu nzima.

[5:07]
Shangazi Mwanaisha: Marahaba, Zuwena. Nassor, nimeuliza kuhusu watoto.

[5:15]
Nassor: Kuhusu watoto, nilipenda pale baba anapompa mwanawe kopo la Coca-Cola, na mtoto, ambaye hajawahi kuionja, akishaionja anamtaka baba naye anywe. Katika ukoo wetu kopo lile lingekuwa limeshafichwa chini ya kitanda cha mtu.

[5:21]
Mjomba Foum: Lisingefichwa chini ya kitanda. Lingetiwa kufuli pamoja na jenereta, na jodari wa watu wakaachwa waoze.

[5:22]
Shangazi Mwanaisha: Mjomba, nakuomba, tubaki kwenye filamu.

[5:40]
Mjomba Foum: Nimo kwenye filamu. Baba yule anasukuma kigari cha dukani chenye kila walicho nacho, akimtia mwanawe moyo kwamba wakielekea kusini na kufika baharini watapata nafuu, na walipofika wakakuta maji ya kijivu ambayo mimi, niliyezaliwa juu ya ngalawa, sikuweza kuyatazama mara mbili. Mtu wa bara huenda akaona kwamba hilo ni pigo moja tu katika mapigo mengi. Mimi niliona kwamba sisi tunaishi pale pale njia yao ilipoishia, na mtu wa kisiwani hana kusini ya kukimbilia. Amebaki na jirani yake tu, basi ndiyo maana nikataja kufuli.

[8:34 mchana]
Ami Haji: Nimesoma yote. Aliyetaka kujua kwa nini nilifunga mlango mwaka ule angeniuliza mwaka ule. Ama kuhusu filamu, niliyemfahamu mimi ni baba, na Viggo Mortensen amemcheza vizuri sana. Ana bastola yenye risasi mbili, ana mtoto asiye na mama, na kila anayemkuta njiani huenda ndiye atakayewala. Mnamlaumu kwa ukali wake, lakini bila ukali huo mtoto asingefika hata nusu ya safari.

[8:41]
Nassor: Ami, hata chakula walichokikuta katika lile handaki walikiacha upesi mno. Ningekuwa mimi, ningekaa humo mpaka nikafunga ndoa.

[9:20]
Zuwena: Haya ni maneno ya Bimkubwa, naandika kama anavyoyasema. «Mwanzo nilisinzia. Niliamka pale mwizi anapovuliwa nguo zote ufukweni, na mtoto analia akimwomba baba yake amhurumie. Baba amerudi kumrudishia, mtu hayupo tena, nguo zimeachwa chini. Sikutaka kuona zaidi ya hapo. Tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme ulipokatika kisiwa kizima, kila nyumba yetu ilikuwa na chake ilichokificha, nami ninajua cha kila nyumba. Haji na Foum, mje kwangu baada ya sala ya alasiri, na asije mtu mwingine.»

[9:58]
Ami Haji: Nimesikia, Bimkubwa.

[10:02]
Mjomba Foum: Inshallah nitafika.

[10:30 jioni]
Shangazi Mwanaisha: Alhamdulillah. Sasa turudi kwenye diski. Rai yangu ni iende Chake, lakini pale wanapoonekana watu waliofungiwa chini ya nyumba ili waliwe, mtu mzima ashike rimoti na kuparusha. Kama hakuna anayepinga, nitaikabidhi bandarini kesho.

[10:33]
Zuwena: Mimi napinga, Shangazi. Ukiparusha pale, mtoto hatafahamu kwa nini baba anamwogopa kila mtu, atamwona ni mkorofi tu. Heri watazame walio na umri wa kutosha, na watazame yote.

[10:35]
Shangazi Mwanaisha: Umri wa kutosha ni upi?

[2:47 usiku]
Mama Chake: Assalamu alaykum, mniwie radhi kwa kuchelewa. Huku kwetu mashine ya diski iliharibika zamani, tulidhani mtaileta pamoja na filamu.

[2:49]
Shangazi Mwanaisha: Waalaykum salaam. Mashine tuliyotumia jana ni ya Ami Haji. Ami, unasemaje?