Hafu shafti imara za Defender 110 kwa njia za Matamba na Kitulo: ninunue zipi?

Viazi_Matamba

Habari za kazi wakuu. Gari ni Defender 110, injini 300Tdi, gia boksi R380, ekseli ya nyuma aina ya Salisbury, tairi 7.50R16. Kazi yake ni kushusha viazi kutoka Matamba hadi Chimala, na masika inaingia njia za mashambani upande wa Kitulo. Hafu shafti (fimbo ya chuma inayotoa mzunguko kwenye difu kwenda gurudumu) ya nyuma kulia imekatika ndani, karibu na meno yanayoingia kwenye difu. Iliyotangulia ilikatikia hapo hapo.

Fundi mmoja anasema tuichomelee, wa pili anataka kuchonga mpya, wa tatu anashauri nitoe ekseli nzima nifunge ya lori dogo. Mimi nilikuwa nimepanga kuweka difuloki ya nyuma (inayofunga difu ili magurudumu ya pande mbili yazunguke pamoja) na tairi 255/85R16. Nianzie wapi?

Fundi_Uyole

Mkuu, anza na hicho kipande kilichokatika kabla hujatoa hela. Kioshe kwa petroli ukitazame juani. Ukiona sehemu laini yenye mistari mistari kama ya mti uliokatwa, na pembeni sehemu ndogo yenye chembe za kijivu, ufa ulianza zamani na umekuwa ukikua kidogo kidogo. Shafti imechoka. Ikiwa uso wote ni mpya, wa rangi moja, na umesokotwa, imekatika kwa mkupuo mmoja. Kagua na meno: weka rula kando yake, yakiwa yamepinda kufuata mzunguko basi chuma kilishazidiwa kabla ya siku hiyo. Kagua na ya kushoto vile vile, maana imepata shida zile zile.

Sasa hesabu. 300Tdi inatoa toki, yaani nguvu ya kusokota, ya Nm 265. Gia ya kwanza ya R380 inazidisha mara 3.69, lo ya LT230 (gia boksi ya pili, inayogawa nguvu mbele na nyuma) mara 3.32, difu mara 3.54. Jumla inakaribia Nm 11,500. Hiyo yote haifiki kwenye shafti moja kwa sababu tairi huteleza kwanza. Gurudumu lililobeba kilo 900, kutoka kati ya gurudumu hadi chini mita 0.4, kwenye ardhi kavu inayoshika kwa 0.8, linateleza kwenye Nm 2,800 hivi. Ukijaza magunia hadi gurudumu hilo libebe kilo 1,300, halitelezi mpaka Nm 4,000 na zaidi.

Hapo ndipo wengi hawaelewi. Hafu shafti ya Defender haibebi uzito wa gari, uzito uko kwenye habu na beringi zake. Lakini kadiri mzigo unavyoongezeka, tairi inashika zaidi na shafti inasokotwa zaidi. Kibaya kuliko vyote ni gurudumu linalozunguka bure kwenye tope halafu linakutana na jiwe huku mguu bado uko kwenye mafuta. Likianza kuzunguka bure, achia mafuta kabla halijashika.

Tairi 255/85 ni kubwa kwa asilimia 4 tu, zisikutie hofu. Difuloki ndiyo ya kufikiria. Bila loki, pande mbili zinagawana sawa, upande mmoja ukiteleza na mwingine unapata kidogo. Ukifunga loki, gurudumu moja lenye mshiko linaweza kubeba toki yote ya ekseli. Ukiiweka huku umebaki na shafti za kawaida, umejiandalia kukatika kwingine.

Spea_Iringa

Naongezea kwenye ushauri wa mafundi wako watatu.

Kuchomelea: hapana kabisa. Shafti imekaushwa, yaani imepewa ugumu, kwa moto maalumu kiwandani, juu ngumu na ndani laini. Moto wa kuchomelea unaharibu ugumu huo, na pembeni mwa weldi panabaki chuma kinachovunjika kirahisi. Isitoshe haitanyooka sawasawa, itakula sili na beringi.

Kuchonga: inawezekana ikiwa mchongaji ana chuma cha daraja linalojulikana, mfano 4340, na ana mahali pa kukipeleka kikakaushwe baada ya kuchongwa. Wengi wana mashine nzuri lakini tanuri hawana. Chuma hicho kikibaki laini, meno yatasokotwa kabla ya mavuno kuisha.

Ekseli ya lori: Defender inaendesha magurudumu yote manne muda wote. Uwiano wa difu ya nyuma lazima ulingane na wa mbele, 3.54. Ukitofautiana, difu ya kati (inayogawa nguvu mbele na nyuma) itafanya kazi bila kupumzika hadi ife, na ukifunga loki ya kati utavunja kitu. Hapo hujagusa breki, upana na pembe ya propela shafti.

Nunua shafti za 4340 zilizokaushwa, meno 24, jozi nzima, pamoja na flenji zake (visahani vinavyoifunga kwenye habu) ikiwa zako zinatenganishwa. Flenji iliyolika inaacha mchezo, na kila ukibadili gia shafti inapigwa nyundo. Kulia ni fupi, kushoto ndefu. Difuloki ukiinunua baadaye, taja Salisbury na meno 24.

Fundi_Uyole

Sahihi. Ila usitafute shafti isiyokatika kabisa. Hafu shafti ni fyuzi ya ekseli: inatolewa kwa bolti tano, wakati krauni na pinioni (gia kuu za difu) zinataka shimu, geji na fundi mwenye subira.

Viazi_Matamba

Nimewaelewa. Hiki kipande kilichobaki ndani nakitoaje? Na mbele niguse?

Fundi_Uyole

Kwanza kabisa weka mawe magurudumu yote. Handibreki ya Defender inashika kwenye gia boksi, siyo kwenye magurudumu. Hafu shafti moja ya nyuma ikikatika, gari halishikwi tena hadi ufunge loki ya kati. Loki hiyo hiyo ndiyo itakayokufikisha nyumbani kwa magurudumu ya mbele.

Kwa kipande, jaribu sumaku kwenye fimbo ndefu. Ikishindikana, Salisbury ina mfuniko nyuma wa bolti kumi: mwaga oili, fungua, kisukume kutoka ndani. Osha hausingi mpaka usione chembe ya chuma, kagua spaida (gia ndogo za ndani ya difu), rudisha mfuniko na gasketi mpya, jaza EP90 lita 2.3. Bolti za flenji kaza Nm 65. Hakikisha mpira wa kupumulia ekseli haujaziba, la sivyo ukivuka maji ikiwa ya moto itayanyonya kupitia sili.

Mbele acha kama ilivyo kwa sasa. Difu ile ni ya Rover, ndogo kuliko Salisbury. Ukiweka shafti ngumu mbele, kinachofuata kukatika ni sivi jointi (kiungo kinachozungusha gurudumu la mbele likiwa limekata kona) au krauni. Sivi jointi huvunjika stelingi ikiwa imekatwa hadi mwisho huku unakanyaga mafuta, kwa hiyo kwenye zile kona 57 za Chimala rudi nyuma upange upya kuliko kulazimisha. Pakiwa pakavu hapo, loki ya kati na ya nyuma zote ziwe zimefunguliwa.

Spea_Iringa

Na ile ya kushoto ikipita ukaguzi wa rula, usiitupe. Ipake grisi, ifunge kwenye mfuko wa nailoni, iwe spea ndani ya gari.