Krauni mpya baada ya ruti kanali: neva zimetolewa, mbona linauma nikitafuna?

Mtafuna_Mahindi
Habari za jioni wakuu. Gego la kwanza la chini kulia limetibiwa ruti kanali (neva ya ndani hutolewa na mzizi kuzibwa), wiki tatu baadaye likavalishwa krauni, yaani kofia ya jino, ya zirkonia, kauri ngumu. Leo siku ya 6. Likiachwa tu haliumi. Nikitafuna kitu kigumu linachoma kama sekunde moja, nikiachia linatulia. Nyama nayo inanasa kati yake na gego la nyuma, na maji ya baridi nayasikia upande huohuo. Neva si zilishatolewa? Nisubiri lizoee au nirudi?

Daktari_wa_Zamu
Mkuu, hapo kuna mambo matatu, usiyachanganye. Nianze na la kutafuna.

Iliyotolewa ni neva ya ndani ya jino. Nje ya mzizi kuna nyuzi zinazolishikilia jino kwenye mfupa wa taya, nazo zina hisia zake. Ruti kanali haiziui. Krauni ikizidi kimo hata kwa unene wa unywele, kila ukifunga mdomo jino hilo linatangulia kubeba mzigo wa wenzake, na nyuzi zinapata maumivu. Kosa hili hutokea sana pale krauni inapopimwa mgonjwa amelala kwenye kiti, nusu ya taya ina ganzi. Anaulizwa "iko sawa?", anaitikia tu.

Jipime. Kaa wima, legeza taya, kutanisha meno polepole bila kukaza. Krauni ikigusa kabla ya meno ya kushoto, iko juu. Kisha telezesha taya kulia na kushoto; ikikwama, kuna kona inayogonga.

Kliniki watakung'atisha karatasi nyembamba ya rangi. Doa lenye duara la rangi na katikati peupe ndipo panapobeba mno. Hapo hupunguzwa kidogokidogo kwa keekee laini ya almasi huku maji yakimwagika, halafu panang'arishwa. Hilo la kung'arisha usikubali lirukwe: zirkonia yenye mikwaruzo ni msasa, italila gego la juu.

Bahari_Shwari
Mimi naona avumilie mwezi mmoja. Krauni hujisaga yenyewe ikakaa sawa.

Daktari_wa_Zamu
Hapana ndugu yangu. Krauni ya plastiki ya muda labda, zirkonia haisagiki hivyo. Kitakachoshindwa kwanza ni jino la juu, au saruji inayoigandisha krauni, au mzizi upasuke, na mzizi uliopasuka kwa urefu mara nyingi huishia kung'olewa. Cha kuachiwa muda ni fizi: wekundu na kidonda kidogo vya siku chache tu. Sukutua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji vuguvugu.

Fundi_Maabara
Niingie kwenye nyama. Pitisha uzi wa meno nyuma ya krauni. Ukibana kidogo kisha ukaingia "tak", meno yanagusana vizuri. Ukichanika nyuzinyuzi, kuna saruji iliyoganda pembeni au ukingo haukukaa laini. Saruji ikibaki chini ya fizi, fizi hutoka damu na kunuka, dawa ni kuikwangua. Ukiteleza bila kubana popote, kuna upenyo, na upenyo hauzibwi kwa kusaga. Zirkonia iliyokwisha kugandishwa kwa nadra hutoka nzima, kwa hiyo hukatwa ikatengenezwa nyingine. Kama gego la nyuma lina ujazo (lilizibwa tundu), daktari anaweza kuuongeza uzibe nafasi. Usichokoe kwa njiti, unazidi kuishusha fizi.

Baridi je? Jino lisilo na neva halisikii baridi. Anayelalamika ni jirani yake aliye hai, pengine ana tundu au shingo ya mzizi iko wazi. Mwambie daktari ampime huyo.

Mtafuna_Mahindi
Nimejaribu. Krauni inatangulia kugusa, na uzi unateleza tu. Miadi ni Jumatatu. Nifanyeje hadi hapo?

Daktari_wa_Zamu
Tafuna kushoto. Mahindi ya kuchoma, miwa na mifupa ya kuku viache. Piga mswaki hapo kama kawaida, uzi kila baada ya nyama. Ibuprofeni miligramu 400 baada ya kula, isizidi mara tatu kwa siku, kama huna vidonda vya tumbo, pumu, shida ya figo wala ujauzito. Kipele cha usaha kikitokea kwenye fizi, piga simu kliniki uwahishiwe miadi. Shavu likivimba, homa ikipanda, au kumeza na kufungua mdomo kukawa kwa shida, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na Jumatatu, omba upimwe umekaa wima, bila ganzi. Kuisaga krauni ya jino lisilo na neva hakuumi, utasikia mtetemo tu.